Joy Adamson: Mchoraji aliyepata sifa kando ya mto Ura, Meru

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka simba jike aliyeitwa Elsa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwanamke huyo alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mwandishi, na kwamba kitabu kilichompa sifa ulimwenguni kilitokana na maisha yake kando ya mto mmoja wa Meru, unaoteremka kutoka Milima ya Nyambene kwenda kujiunga na mto Tana.

Aliuawa Januari 3, 1980, siku 17 tu kabla ya kutimiza umri wa miaka 70. Mwili wake ulichomwa jijini Nairobi, kisha majivu yakapelekwa katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru na kunyunyizwa juu ya makaburi ya wanyama wawili aliowapenda kuliko wote, simba Elsa na duma Pippa.

Kaburi la Elsa liko ukingoni mwa mto Ura. Kila mwaka wageni kutoka nchi za mbali hufika hapo kulitazama. Hata hivyo, mto huo haukuwa wa Joy Adamson na simba wake pekee. Watharaka na Wameru waliutegemea kwa maji, malisho na mawindo kabla hajazaliwa, na hadithi ya maisha yake haikamiliki bila wao.

Binti wa bonde la Moravice

Joy alizaliwa Januari 20, 1910, katika mji wa Troppau uliokuwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungary. Leo mji huo unaitwa Opava, na umo katika Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Victoria Gessner. Alikuwa wa pili kati ya mabinti watatu wa Victor Gessner, msanifu wa majengo.

Ukoo wake ulihusika na utengenezaji wa karatasi, kazi ambayo katika eneo hilo iliendeshwa kwa nguvu za maji ya mto Moravice. Likizo nyingi za utotoni alizipitisha katika shamba la familia kwenye bonde hilo lenye misitu.

Wazazi wake walipotalikiana, alipelekwa kuishi na nyanya yake katika jiji la Vienna, kando ya mto mkubwa wa Danube. Huko alisomea piano hadi akapata cheti cha kuwa mwalimu wa muziki. Alijifunza pia ushonaji, uchongaji, uchoraji na ujalidi wa vitabu. Hakukaa na fani moja kwa muda mrefu, na hakuna aliyejua wakati huo ni ipi kati yake ingemwinua.

Mwaka wa 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, Myahudi wa Austria. Wakati huo utawala wa Adolf Hitler ulikuwa umeshika mizizi katika nchi jirani ya Ujerumani, na mume huyo aliona hatari iliyowakabili Mayahudi. Mwaka wa 1937 alimtuma mkewe Kenya, ambayo ilikuwa koloni la Uingereza, akaangalie kama wangeweza kuhamia huko.

Safari hiyo ilibadilisha mambo kuliko mume alivyotarajia. Melini, mwanamke huyo alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka wa 1938 wawili hao wakaoana. Ni Bally aliyempa jina la Joy, ambalo lilifuta kabisa majina aliyozaliwa nayo.

Burashi na rangi za maji

Bally alifanya kazi katika Makavazi ya Coryndon jijini Nairobi, ambayo baada ya uhuru yalikuja kuwa Makavazi ya Kitaifa. Kazi yake ilikuwa kutafuta mimea porini, kuikausha na kuihifadhi. Mmea uliokauka hupoteza rangi na umbo lake, kwa hivyo ilihitajika picha iliyochorwa wakati ua lingali bichi.

Joy aliichukua kazi hiyo. Alitumia rangi za maji, ambazo hukauka haraka na kumwezesha mchoraji kuonyesha mshipa wa jani na weupe wa petali. Aliketi chini ya mti au ndani ya hema, akachora ua kwa ukubwa wake halisi kabla ya jua kulinyausha. Katika muda wa miaka michache alikuwa amechora mamia ya mimea ya Afrika Mashariki, na picha zake zikatumiwa katika vitabu vya bustani na maua ya Kenya.

Juhudi hizo zilimletea nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka kwa Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza mwaka wa 1947. Alipata pia nafasi ya kujifunza uchoraji katika chuo cha sanaa cha Slade jijini London.

Kufikia wakati huo ndoa yake na Bally ilikuwa imekwisha. Wakati wa Krismasi ya mwaka wa 1942, akiwa mgeni mjini Garissa, kwenye kingo za mto Tana, alitambulishwa kwa George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyeifahamu mikoa ya kaskazini kama kiganja chake. George alizaliwa nchini India mwaka wa 1906, akaja Kenya akiwa kijana mwaka wa 1924, na alikuwa amejaribu kazi za kila aina kabla ya kuajiriwa kulinda wanyama.

Walioana mwaka wa 1944 na kufanya makao yao Isiolo. Kutoka hapo barua na safari za George ziliwapeleka pande zote: kaskazini hadi ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf zama hizo, na kusini-mashariki hadi nchi ya Meru na Tharaka.

Nchi ya mito

Sehemu hiyo ya Kenya ina mito mingi. Kutoka mlima Kenya huteremka Kathita, Mutonga, Thuci na Rupingazi, ule unaopita kando ya mji wa Embu. Kutoka Nyambene huteremka Ura, Rojewero na vijito kadhaa vinavyoigawa mbuga ya Meru vipande vipande. Yote hiyo huishia katika Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, ambao hupeleka maji ya mlimani hadi Bahari Hindi.

Kwa wenyeji, mito ilikuwa na maana kubwa kuliko maji ya kunywa. Ilikuwa mipaka ya koo na makabila. Hadi leo Thuci hutenganisha Embu na Tharaka-Nithi. Hata simulizi ya asili ya Wameru huanzia majini, kwa kuwa wazee husimulia jinsi mababu walivyotoroka utumwa katika nchi ya Mbwaa na kuvuka maji makuu usiku kabla ya kupanda kuelekea mlimani.

Joy aliingia katika nchi hiyo akiwa na burashi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila mbalimbali wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi. Mwanzoni ilikusudiwa achore makabila machache tu. Kazi hiyo ikamchukua takriban miaka sita, na ikazaa picha zaidi ya 500.

Miongoni mwa waliochorwa ni wazee, mashujaa, waganga na wanawake wa jamii zinazoishi baina ya mlima Kenya na mto Tana. Aliyechorwa alilazimika kuketi kwa muda mrefu bila kutikisika huku mchoraji akihesabu shanga shingoni na kufuatisha mistari ya rangi usoni. Mavazi mengine yalikuwa yameanza kutoweka, na ilibidi yatolewe kutoka mahali yalikohifadhiwa kwa ajili ya sherehe.

Kazi hiyo ilifanyika katika kipindi kigumu. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari ili kukabiliana na vita vya Mau Mau. Waembu na Wameru, pamoja na Wakikuyu, walikuwa katika kiini cha msukosuko huo. Wengi walitiwa kizuizini, na wengine wakahamishwa kutoka mashambani mwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba.

Basi serikali ile ile iliyogharamia picha za mila ndiyo iliyokuwa ikiyavunja maisha yaliyobeba mila hizo. Joy hakuwa mwanasiasa, na picha zake hazionyeshi bunduki wala seng'enge. Hilo ni pungufu lake. Pamoja na hayo, bila kazi yake, nyuso hizo na mapambo hayo yasingejulikana leo kwa rangi zake halisi, kwa sababu kamera nyingi za wakati huo zilitoa picha nyeusi na nyeupe.

Elsa na maji

Februari 1, 1956, George alimpiga risasi na kumuua simba jike aliyemrukia alipokuwa katika msako wa simba aliyewala watu. Baadaye akatambua kwamba mnyama huyo alikuwa akiwalinda wanawe watatu waliofichwa kwenye mwanya wa mwamba. Aliwabeba wachanga hao hadi nyumbani.

Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alibaki Isiolo na kuitwa Elsa. Alilala karibu na binadamu, akapanda juu ya gari, akafuatana na Adamson na mkewe safarini. Walimfikisha hadi Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, ambako simba huyo wa nchi kavu alicheza katika mawimbi ya Bahari Hindi.

Alipokomaa, njia iliyokuwa ya kawaida ni kumpeleka ng'ambo akaishi ndani ya seng'enge. Joy na George walikataa. Waliamua kumfundisha kuwinda na kumwacha huru, jambo ambalo wataalamu wengi waliona haliwezekani kwa simba aliyelelewa na watu.

Jaribio la kwanza lilishindwa na Elsa akaugua. Mwaka wa 1958 wakamhamishia Meru, karibu na mto Ura. Joto la nyanda za chini lilimfaa. Mto huo haukauki upesi kama mikondo mingi ya kaskazini, kingo zake zina mikuyu na mikoma, na wanyama hufika hapo kunywa maji asubuhi na jioni. Kwa simba anayejifunza kuwinda, hapakuwa na shule bora.

Hapo ndipo palipotokea tukio moja ambalo wasomaji wa vitabu vya Joy hawajalisahau. Elsa alimwangusha nyati ndani ya mto, penye maporomoko madogo. Nuru, mfanyakazi aliyekuwa mlezi wake tangu udogoni, alikuwa Mwislamu, na aliona nyama nyingi ikielekea kuwa haramu kwa wenziwe. Akaingia majini na kisu, akamchinja nyati huyo huku simba akiwa juu yake. Elsa, ambaye angeweza kumrarua mtu yeyote mwingine, alimwacha rafiki yake afanye kazi yake.

Joy alijifanyia mahali pa kazi kando ya mto, chini ya miti. Hapo ndipo alipopiga taipu, akachora na kuandika kumbukumbu za kila siku huku Elsa akilala karibu. Sauti za maji, nyani, ndege na viboko zimejaa katika kurasa alizoandika. Mwandishi aliyekaa Nairobi na kusimuliwa habari za Elsa asingeweza kuandika kitabu hicho.

Kitabu hicho, Born Free, kilichapishwa mwaka wa 1960. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala. Vikafuata Living Free mwaka wa 1961 na Forever Free mwaka wa 1962. Filamu ya kitabu cha kwanza ilitolewa mwaka wa 1966, na muziki wake ukashinda tuzo za Oscar.

Jirani waliokuwa ng'ambo

Desemba 1959 Elsa alizaa wana watatu waliotokana na simba dume wa porini. Joy aliwaita Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Wiki chache baadaye mama yao aliwavusha mto na kuwaleta kambini. Hiyo ilikuwa ithibati kwamba mnyama aliyelelewa na binadamu anaweza kurudi porini na kuzaa bila kuwasahau waliomlea.

Furaha hiyo haikudumu. Januari 24, 1961, Elsa alikufa kwa homa inayoletwa na kupe. Joy alikuwa amekwenda Nairobi, na George ndiye aliyekuwa kando ya simba huyo alipokata roho. Alizikwa chini ya mti, karibu na maji.

Wanawe walikuwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo tu. Hawakuwa wamejua kuwinda vyema, wala hawakuwa na hofu ya binadamu. Njaa ilipowabana walivamia mazizi ya Watharaka na kula mbuzi na kondoo. Jespah alirudi akiwa na kichwa cha mshale mwilini mwake.

Katika vitabu, mkasa huo unasimuliwa kwa jicho la mama mlezi anayewahofia watoto. Mfugaji wa Tharaka naye alikuwa na hoja yake. Katika nchi kavu ile, mbuzi ndio karo, ndio mahari, ndio akiba ya mwaka wa njaa. Simba waliokuwa wakimliza hawakuwa simba wa kawaida waliopotea njia. Walikuwa wana wa simba aliyeletwa pale kwa makusudi na wageni waliolindwa na serikali. Wahenga walitarajia mgeni ajapo mwenyeji apone, lakini kwa wakati huo mgeni ndiye aliyekuwa ameleta maradhi.

Malalamiko yalizidi, na uamuzi ukatolewa kwamba simba hao waondolewe. Adamson na mkewe waliwanasa na kuwasafirisha kwa gari hadi Serengeti, Tanganyika, mwaka wa 1961. Joy aliwatafuta huko kwa muda mrefu. Hakuwahi kuridhika kwamba wote walikuwa salama.

Mbuga yazaliwa

Hata hivyo, umaarufu wa Elsa uliiletea Meru faida ambayo si ndogo. Baraza la wilaya lilikuwa tayari limetenga ardhi kwa ajili ya wanyama mwishoni mwa miaka ya 1950. Joy alianzisha hazina iliyobeba jina la Elsa na kuelekeza humo sehemu kubwa ya mapato ya vitabu vyake. Fedha hizo zilisaidia kuiendesha hifadhi hiyo changa, na mwaka wa 1966 ikatangazwa kuwa mbuga ya kitaifa. Ukubwa wake ni takriban kilomita 870 za mraba.

Kwa upande mwingine, kutangazwa kwa mbuga kuliweka mpaka mahali ambapo hapakuwa na mpaka. Mwindaji, mrina asali na mchungaji waliokuwa wakiufikia mto kwa mapito ya babu zao sasa waliitwa wavamizi. Suala hilo la jirani na mbuga lingali hai kote nchini.

Joy alirudi Meru katikati ya miaka ya 1960 akiwa na Pippa, duma aliyelelewa na familia moja ya Wazungu. Alimfundisha kuishi porini kama alivyomfundisha Elsa, na duma huyo akazaa mara kadhaa. George naye alikuwa upande mwingine wa mbuga hiyo hiyo, akiwarudisha porini simba waliotumiwa katika utengenezaji wa filamu. Mume na mke walikuwa na kambi mbili tofauti, kwa sababu duma na simba hawaishi pamoja. Ndoa yao nayo ilikuwa imepoa.

Si siri kwamba Joy alikuwa mtu mgumu. Waliofanya kazi naye walimjua kwa hasira za ghafla, na wafanyakazi hawakukaa kwake kwa muda mrefu. Upole aliowaonyesha wanyama haukuwafikia watu kwa kipimo kile kile. Jambo hilo limetajwa na wengi waliomfahamu, na lilikuja kuwa na uzito mkubwa katika mwisho wake.

Mwaka wa 1969 ulikuwa mwaka wa mikosi. Gari lake lilipata ajali, na mkono wake wa kulia ukaumia vibaya. Kwa mpiga piano na mchoraji, hilo lilikuwa pigo lisilo na tiba. Hakuweza tena kushika burashi wala kugusa piano kama zamani. Mwaka huo huo Pippa alikufa kutokana na majeraha na kuzikwa Meru. Simba mmoja wa George alimjeruhi mtoto wa msimamizi wa mbuga, na mradi wake ukaamriwa kufungwa.

George alivuka Tana na kuanzisha kambi mpya Kora mwaka wa 1970. Maporomoko yaliyo kwenye sehemu hiyo ya mto hadi sasa yanaitwa Adamson. Joy alikwenda upande wa pili wa nchi, akatulia katika nyumba yake ya Elsamere, ukingoni mwa ziwa Naivasha. Hapo, kati ya mafunjo na migunga, aliandika habari za mbega na bundi waliokuwa jirani zake.

Mauti ya Shaba

Miaka ya ziwani haikumtosheleza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipata mwana wa chui, akamwita Penny, na kumpeleka katika hifadhi ya Shaba karibu na Isiolo. Hifadhi hiyo imepakana na mto Ewaso Ng'iro. Akiwa anakaribia miaka 70, alianza upya kazi ile ile ya kuishi hemani, kuamka alfajiri na kufuata nyayo.

Jioni ya Januari 3, 1980, alitoka kutembea na hakurudi. Maiti yake ilipatikana njiani, karibu na kambi. Habari za kwanza zilizosambaa duniani zilidai kwamba aliuawa na simba, na wengi waliamini kwa kuwa hadithi hiyo ililingana na maisha yake. Uchunguzi wa polisi ulionyesha vingine. Majeraha yalikuwa ya kitu chenye makali kilichoshikwa na binadamu.

Kijana mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake alishtakiwa, na mwaka wa 1981 akapatikana na hatia. Aliepuka hukumu ya kunyongwa kwa kuwa mahakama iliona huenda hakuwa ametimiza umri wa utu uzima wakati wa kisa hicho. George aliishi miaka tisa zaidi, hadi Agosti 20, 1989, alipouawa kwa risasi na majambazi huko Kora.

Alichoacha

Baada ya mauti yake, Meru ilipitia kipindi cha giza. Katika miaka ya 1980 majangili wenye silaha kali waliingia mbugani na kuua ndovu kwa wingi. Mwaka wa 1988 waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi. Watalii walikoma kuja, na barabara zikafunikwa na nyasi. Ni kuanzia karibu mwaka wa 2000 ambapo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), likisaidiwa na wafadhili, lilianza kuifufua mbuga hiyo kwa kurudisha wanyama na kujenga makao maalumu ya vifaru.

Mto Tana nao haukubaki kama Joy alivyoukuta. Mwaka wa 1968, wakati alipokuwa akimfuata Pippa porini, bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme juu kidogo ya eneo hilo. Likafuatwa na Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988, yote katika mabonde yanayopakana na Embu. Mkazi wa Nairobi anapowasha taa usiku, sehemu ya mwanga huo hutoka kwa maji yale yale yaliyoteremka kutoka mlima Kenya.

Sanaa ya Joy pia iliishia jijini. Picha za watu aliowachora zilitolewa kama kitabu, The Peoples of Kenya, mwaka wa 1967, na nyingi za asili zimehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa, kwenye kilima kilicho juu ya mto Nairobi. Jiji lenyewe lilipata jina lake kutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, ingawa mto huo umechafuliwa kwa miongo mingi na taka za viwanda na mitaa. Mtoto wa jijini ambaye hajawahi kuona Kathita wala Thuci anaweza kusimama mbele ya picha hizo na kuona jinsi babu wa babu yake alivyojipamba siku ya sherehe.

Umaarufu, lakini, haukugawanywa sawa. Dunia nzima inalijua jina la simba aliyezikwa ukingoni mwa Ura. Majina ya wengi walioketi kwa saa nyingi mbele ya burashi ya Joy hayajulikani na umma. Wanatambulishwa kwa kabila lao, rika lao au kazi yao. Huenda wajukuu wao wangali hai katika vijiji vya Tharaka, Chuka, Meru na Embu, na kati yao wapo ambao hawajapata kamwe kuziona picha za wazee wao.

Kazi ya kuwatambua wazee hao na kuzipeleka nakala za picha karibu na mito walikoishi ingali ni ya kufanywa. Tangu mwaka wa 2013 shughuli za utamaduni zimekuwa pia mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu zina kila sababu ya kulishughulikia jambo hilo pamoja na Makavazi. Mgeni anayefika Ura kulitazama kaburi la simba angestahili kuonyeshwa, siku hiyo hiyo, nyuso za watu waliokuwa wakinywa maji ya mto huo kabla ya simba huyo kuletwa.